Mbwa msaidizi uliyemfundisha mwenyewe: unachodaiwa mlangoni na unachodaiwa ndani

Ukitafuta kwenye intaneti jinsi ya kumsajili mbwa msaidizi nchini Marekani, utakutana na tovuti chungu nzima zinazouza cheti, namba ya usajili na kitambulisho chenye picha ya mbwa. Usinunue. Hakuna daftari la taifa la mbwa wasaidizi, na Wizara ya Sheria ya Marekani imeeleza wazi kwamba haiyatambui makaratasi hayo kuwa uthibitisho wa chochote. Tena kadi hizo zina madhara yake: mlinzi wa duka akishazoea kuonyeshwa kadi na watu watano, wa sita asiye nayo atazuiwa mlangoni, wakati yeye ndiye anayefuata sheria.

Sheria yenyewe ni ile ya Wamarekani wenye ulemavu ya mwaka 1990, inayojulikana kama ADA. Kanuni zake zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2011 zinasema mnyama msaidizi ni mbwa aliyefundishwa kumfanyia kazi mtu mwenye ulemavu, na kazi hiyo iwe inahusiana moja kwa moja na ulemavu wake. Ni mbwa tu. Farasi wadogo wana kifungu chao cha pembeni. Paka na kasuku hawamo. Kanuni hazidai shule, mwalimu wa kulipwa, mtihani wala kizibao. Mwenye ulemavu anaruhusiwa kumfundisha mbwa wake mwenyewe, hatua kwa hatua, sebuleni kwake.

Neno la kulishikilia hapo ni kazi. Mbwa anayemgusa mwenye kisukari kwa pua sukari inaposhuka anafanya kazi. Anayemwamsha mtu kutoka kwenye jinamizi la vita, au anayemlalia miguuni kwa uzito wake hofu inapoanza kupanda, naye anafanya kazi, mradi amefundishwa kuitambua dalili na kuchukua hatua fulani. Mbwa ambaye kuwapo kwake tu kunamtuliza mwenyewe ni mbwa wa faraja. Faraja hiyo ni ya kweli kabisa, lakini haimpi haki ya kuingia mgahawani. Kipimo rahisi ni hiki: eleza kwa kitenzi anachokifanya mbwa. Ukibaki na "ananisaidia" peke yake, bado hujafika.

Kipimo hicho ndicho kitakachokuokoa mlangoni. Pale ambapo kazi ya mbwa haionekani kwa macho, mfanyakazi anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, huyu ni mbwa msaidizi anayehitajika kwa sababu ya ulemavu? Na je, amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza unaumwa nini, kudai karatasi, wala kumtaka mbwa aonyeshe kazi yake. Tayarisha jibu la sentensi moja na ulizoee hadi ulitoe bila kusitasita: "Ndiyo. Amefundishwa kunijulisha kabla sijazimia na kuniletea dawa." Ukisema "ana cheti" unafundisha watu swali lisilo halali. Ukisema "ananipunguzia wasiwasi", meneja anayejua kanuni ana sababu ya kukukatalia, hata kama nyumbani mbwa wako anafanya makubwa. Akikudai kadi, mwombe kwa upole umwone msimamizi na umtajie maswali mawili yanayoruhusiwa. Wengi wanaokuzuia hawana nia mbaya, hawajaambiwa tu.

Anayejifundishia mbwa hujikwaa zaidi katika kipindi cha mafunzo. ADA inamlinda mbwa aliyekwisha kufundishwa. Aliye bado mafunzoni hamo, na haki yake ya kuingia mahali pasiporuhusu mbwa inategemea sheria ya jimbo. Kuna majimbo yanayompa haki mwenye ulemavu anayemfundisha mbwa wake, mengine yanawapa wakufunzi wa mashirika tu, na masharti ya utambulisho hutofautiana. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kumpeleka mbwa popote, na ukivuka mpaka wa jimbo, soma ya huko unakokwenda. Kama jimbo lako halitoi haki hiyo, fanyia mazoezi kwenye maduka yanayokaribisha mbwa wote, viwanja vya kuegesha magari, vituo vya basi na mabaraza ya migahawa yenye ruhusa. Kumwita mwanafunzi "msaidizi" ili upite ni uongo, na una gharama. Huko Florida, kujifanya una mbwa msaidizi ni kosa la jinai linalobeba pia saa 30 za kazi za kijamii. California kifungo kinaweza kufika miezi 6 na faini dola 1,000.

Ukishaingia, mambo mawili yanaweza kumtoa mbwa wako: akishindwa kudhibitiwa nawe usichukue hatua ya maana kumrudisha, au akiwa hajafundishwa kujizuia haja. Zaidi ya hapo ni mbwa anayehatarisha wengine, au mahali ambapo uwepo wake unaharibu huduma yenyewe, kama chumba cha upasuaji au wodi ya walioungua. Mtu mwenye mzio au anayeogopa mbwa si sababu ya kukutoa. Mhudumu atafute namna ya kuwatenganisha. Aina ya mbwa nayo si sababu. Kamba au mkanda ni lazima, isipokuwa kama unazuia kazi yake au ulemavu wako haukuruhusu kuushika. Hapo umdhibiti kwa sauti au ishara. Mbwa akibweka mara moja kwa sababu kuna mtu amemkanyaga mkia, hajashindwa kudhibitiwa. Akibweka tena na tena kwenye maktaba, ameshindwa. Na hata mbwa akitolewa, wewe unabaki na haki ya kuhudumiwa bila yeye.

Kwa hiyo mafunzo ya hadharani yaanze na jambo linaloonekana dogo: kulala chini ya meza bila kufanya lolote. Mlaze kwenye mkeka mdogo nyumbani, umpe kipande cha chakula kila baada ya sekunde 5, kisha 10, kisha 30, hadi alale dakika 45 wewe ukila. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza muda, punguza kelele; ukiongeza kelele, rudisha muda chini. Wengi huongeza vyote siku moja, halafu wanamlaumu mbwa. Akishaweza, beba mkeka uleule mahali pageni na uanze tena karibu na mwanzo, kwa sababu mbwa hahamishi somo kwa urahisi: anachokijua jikoni kwenu hakijui kwenye ukumbi wenye mwangwi.

Chakula kilichoanguka kina somo lake. Anza na kipande ndani ya ngumi. Akigeuza uso, mpe kingine kutoka mkono wa pili. Kisha kiweke sakafuni chini ya kiatu, kisha wazi, kisha kidondoshe kutoka urefu wa meza huku akitembea. Asile kamwe kile alichoambiwa aache; zawadi itoke kwako. Kibanzi kimoja cha viazi alichokiiba kitamfundisha zaidi ya wiki yako nzima, na sakafuni kunaweza kuwa na kidonge cha mtu. Ngazi za umeme ziepuke kabisa kama kuna lifti, maana meno ya ngazi hizo hukamata kucha na manyoya ya miguu ya mbwa. Kwenye lifti, mbwa aingie sambamba nawe na kamba iwe fupi, mlango usije ukafunga katikati yenu.

Ukitaka kigezo cha muda, shirika la IAADP la watumiaji wa mbwa wasaidizi limekuwa likitaja saa 120 za mafunzo katika miezi 6 au zaidi, angalau 30 kati ya hizo zikiwa hadharani. Hiyo si sheria, na kwa wengi kazi yote huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Andika daftari: tarehe, mahali, dakika, alichokosea. Hakuna atakayelidai dukani, lakini litakuonyesha ukweli ambao mapenzi huficha. Na ukifika siku ya kulalamika rasmi au kujitetea, utakuwa na cha kushika.

Adabu za ndani hazina utata. Toroli si kiti cha mbwa. Akae sakafuni, au umbebe kama kazi yake inahitaji hivyo. Mgahawa haulazimiki kumruhusu apande kiti wala kumlisha mezani. Hotelini hutozwi ada ya wanyama, lakini akitafuna zulia utalipa kama mgeni yeyote anavyolipa, na usimwache peke yake chumbani.

Usibebe kanuni za dukani kwenda nazo kila mahali. Nyumba ya kupanga ina sheria yake ya makazi, na huko mbwa wa faraja anaweza kukubaliwa. Kazini ni ombi unaloliwasilisha kwa mwajiri, naye anaweza kutaka uthibitisho. Makanisa na misikiti haiko chini ya ADA. Ndege nazo, tangu tarehe 11 Januari 2021, haziwajibiki kumchukua mbwa wa faraja kama msaidizi, na shirika linaweza kudai fomu ya serikali ambayo unathibitisha afya, tabia na mafunzo ya mbwa, hadi saa 48 kabla ya safari. Safari ya saa 8 au zaidi ina fomu ya pili, kuhusu haja. Aliyemfundisha mwenyewe huandika jina lake penye nafasi ya mkufunzi. Mbwa lazima aenee miguuni pako, hivyo pima nafasi hiyo kwa utepe nyumbani kabla ya kukata tiketi.

Sheria inanyamaza kuhusu mbwa asiyefaa, na hapo uamuzi ni wako peke yako. Shule za mbwa wasaidizi hukataa mbwa wengi; wewe uliyemlea tangu mdogo huna wa kukukatalia. Mbwa anayenguruma kwa mgeni, anayetetemeka kila mlango unapofunguka, au aliyewahi kumshika mtu kwa meno, asifanye kazi hadharani, hata kama kazi yenyewe nyumbani anaiweza vizuri. Aendelee kukusaidia huko nyumbani. Hadharani, siku akikosea, toka naye kabla hujaambiwa, mwache apumue nje, na msirudi siku hiyo. Akikutana na mbwa msaidizi mwingine akamkodolea macho, geuza njia yako wewe, kwa sababu yule mwenzake huenda muda huo anasubiri dalili ya kifafa.

Na mwangalie unapochukua mkanda wa kazi. Akija mbio na kuingiza kichwa mwenyewe, twendeni. Akienda kujilaza nyuma ya kiti, usimvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe viungo na masikio, umpumzishe wiki mbili, kisha ujaribu safari fupi moja. Akijificha tena, anza kutafuta mwenye kushika nafasi yake.