Qin Shi Huang: katili kweli au anasingiziwa? Nimebadili mawazo mara mbili

Mleta uzi ameuliza kama Qin Shi Huang, kaizari wa kwanza wa China, anastahili kuitwa katili, au ni waliomfuata ndio walimpaka matope. Naona wengi mmekimbilia "alizika wasomi wakiwa hai" na kufunga mjadala. Mimi nilisomea ujenzi wa barabara Xi'an, na kaburi lake liko kama kilometa 35 tu kutoka mjini, kwa hiyo nina la kusema. Nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Mara ya kwanza kwenda kuona lile jeshi lake la udongo (sanamu za askari zilizofukiwa karibu na kaburi lake) ilikuwa wiki ya sikukuu ya Oktoba. Kosa kubwa. China nzima ilikuwa pale, nikaambulia kuona visogo vya watu. Mara ya pili nilikwenda siku ya baridi na mwalimu wetu wa lugha, mzee mstaafu. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba baadhi ya wale askari wamegongwa majina ya mafundi waliowafinyanga. Nikasema kumbe mafundi waliheshimiwa! Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Jina ni la kumkamatia," akasema. Kazi ikiwa mbovu, wanajua mlango wa kugonga.

Tuje kwa wasomi. Habari zake nyingi tunazipata kwa Sima Qian, aliyeandika miaka kama mia baadaye, akiwa mtumishi wa ukoo wa Han, yaani waliokalia kiti cha Qin, ukoo wa kaizari wetu. Anasema mwaka 212 KK watu zaidi ya 460 walifukiwa Xianyang, mji mkuu wake. Lakini kisome kisa chenyewe: kilianzia kwa waganga wawili waliomwahidi kaizari dawa ya kutokufa, wakatumia fedha zake, kisha wakatoroka huku wakimsema vibaya. Vitabu navyo vilichomwa kweli mwaka 213 KK kwa ushauri wa waziri wake Li Si, ila vya tiba, ramli na kilimo viliachwa, na wasomi wa ikulu waliruhusiwa kubaki na nakala zao. Nakala hizo hazikumalizwa na yeye: ikulu ilikuja kuteketezwa na Xiang Yu, mmoja wa waasi walioiangusha Qin, mwaka 206 KK. Mchangiaji mmoja hapo juu kamtwisha hata wale mateka 400,000 waliouawa na jeshi la Qin huko Changping. Mkuu, hiyo ni 260 KK, jamaa kazaliwa 259.

Tena majenerali waliomshindia vita hakuwageuka. Linganisha na Liu Bang wa Han, ambaye enzi yake majenerali wake Han Xin na Peng Yue waliishia kuuawa, au Zhu Yuanzhang wa Ming aliyefyeka wenzake na koo zao kwa maelfu. Basi nikaondoka Xi'an nikiwa wakili wake kabisa. Visasi vyake nilivijua, mfano 228 KK alipoiteka Handan, mji aliozaliwa, akawafukia waliokuwa na ugomvi na familia ya mama yake. Nilijiambia wafalme ndivyo walivyo.

Kilichonitia nguvu zaidi ni sheria zake. Mwaka 1975 huko Shuihudi, mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi la karani mmoja wa Qin aitwaye Xi, aliyezikwa na vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi vilivyoandikwa, vingi vikiwa sheria. Wachina wanasimuliana kwamba uasi wa Chen Sheng dhidi ya utawala wa Qin mwaka 209 KK ulizuka kwa sababu mvua iliwachelewesha njiani na adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo. Sasa soma sheria ya shokoa (kazi ya lazima ya serikali) kwenye ile mianzi: ukichelewa siku tatu hadi tano, unakaripiwa. Sita hadi kumi, faini ya ngao moja. Zaidi ya kumi, faini ya deraya moja, lile vazi la kujikinga vitani. Mvua ikinyesha, kazi inaahirishwa! (Akina Chen Sheng walikuwa wanakwenda kulinda mpaka, si kujenga, kwa hiyo msinibane sana hapo.) Kuna hata kifungu cha mtu aliyeiba majani ya mforosadi yasiyofika thamani ya sarafu moja: kazi siku 30. Kali, lakini si wendawazimu.

Niliporudi nyumbani nikaanza kazi saiti, nikapewa daftari la mahudhurio. Kibarua akichelewa anakatwa nusu siku, chakula nacho kinakatwa humohumo. Kuna kijana alifika mwisho wa mwezi anadaiwa na mama ntilie kuliko alichopokea. Usiku ule nikakumbuka ile deraya.

Deraya ilikuwa bei gani? Mianzi mingine ya Qin, iliyohifadhiwa Hunan, inasema sarafu 1,344. Asiyekuwa nazo alilipa kwa jasho: sarafu 8 kwa siku, au 6 akilishwa na serikali. Piga hesabu. Siku 168 ukijilisha, siku 224 ukilishwa. Hiyo ni kwa kuchelewa siku kumi na moja! Na shamba lako nani analima? Chakula chenyewe, mtumwa wa serikali mwanamume alipewa shi mbili za nafaka kwa mwezi, na shi moja ni kama lita 20, yaani debe. Sima Qian anasema waliokuwa kwenye kaburi na ikulu mpya walizidi 700,000. Hata ukiigawa namba hiyo mara mbili kwa kumshuku mwandishi, hayo ni madebe 700,000 kila mwezi, yametoka kwa wakulima ambao nao wanaitwa shokoa.

Kwa hiyo jibu langu, mleta uzi: sifa ya ukatili anastahili, ila hadithi ya wasomi 460 ndiyo ndogo kuliko zote. Magharibi ya kaburi lake yamepatikana makaburi ya vibarua, wengine wamewekewa kipande cha kigae kilichokwaruzwa jina. Kimoja kinamtaja Qingji wa Dongwu, mtu mwenye cheo cha pili kutoka chini katika vyeo ishirini vya Qin. Kimeandikwa pia alichokuwa anafanya pale: analipia faini.