Maswali ya Wasomaji: Huyu mshauri anayetaka kukuandaa kwa mwekezaji, utampimaje?

SWALI: Nina karakana ya samani yenye wafanyakazi 8 na natafuta mtaji wa kupanua. Washauri watatu wanataka kuniandaa. Wa kwanza anadai ada ya mkupuo, wa pili asilimia 6 ya mtaji utakaopatikana, wa tatu ananifundisha bure lakini anataka hisa asilimia 5. Nimchukue yupi?

JIBU: Kabla ya bei, ndugu, tazama kila mmoja analipwa kwa kitu gani. Aliyelipwa yote mwanzoni hana kinachomharakisha. Mlipe kwa awamu, kila awamu ifungwe na kazi iliyokwisha kukabidhiwa: hesabu za miaka 3 zilizonyooshwa, makadirio, kisha folda ya nyaraka.

Wa kamisheni ana hamu ya kufunga dili, likufae lisikufae. Kwake soma kipengele cha baada ya mkataba. Kuna mikataba inayomruhusu kudai asilimia yake miezi 12 au 24 baada ya kuachana naye, hata kwa mwekezaji uliyempata mwenyewe. Kamisheni iishie kwa wawekezaji aliowaleta yeye, majina yao yakiwa yameandikwa.

Huyo wa "bure" anaweza kuwa ghali kuliko wote. Ukimpa asilimia 5 unabaki na 95. Mwekezaji akinunua hisa mpya za kumfikisha asilimia 20, wewe unashuka hadi 76 na mkufunzi anabaki na 4. Aking'ang'ania kulipwa kwa hisa, basi azipate kidogokidogo kadiri anavyofanya kazi.

Waulize wote kuhusu kundi la mwisho la wafanyabiashara waliowaandaa: waliingia wangapi, waliopata fedha ni wangapi, na fedha gani? Wengine hujumlisha ruzuku, mikopo na zawadi za mashindano, wakaita zote "mtaji uliopatikana". Omba kuzungumza na wateja watatu, mmoja wao awe aliyekosa mtaji. Huyo hana sababu ya kumsifia mtu, na atakwambia nani hasa alikuja kufanya kazi: yule mzoefu aliyejitokeza siku ya kwanza, au kijana anayejifunza aliyetumwa badala yake. Na mshauri anayeanza kupanga slaidi kabla hajaomba taarifa zako za benki, mwache aende.

SWALI: Mshauri wangu amenikabidhi makadirio ya miaka 5 kwenye Excel. Yanapendeza, ila sijui kama ni mazuri.

JIBU: Yajaribu mwenyewe, dakika 10 zinatosha. Punguza bei ya bidhaa yako kwa asilimia 10 pale yalipoandikwa makisio, yaani tarakimu za kuanzia ambazo hesabu nyingine hutegemea, kisha tazama salio la fedha la mwezi wa 12. Lisipotikisika, tarakimu zimeandikwa kwa mkono, hakuna fomula. Hayo ni mapambo.

Jaribio la pili hufichua zaidi. Badilisha muda wa wateja kulipa kutoka siku 30 hadi 60. Faida isiguswe, isipokuwa kwa riba ya mkopo wa ziada kama upo, lakini fedha mkononi lazima zipungue. Ukiuza kwa mkopo 4,000,000 kila mwezi, 4,000,000 nyingine zitakuwa zimekwama kwa wateja. Faida na fedha zikishuka sawasawa, aliyetengeneza hajui tofauti ya vitu hivyo viwili.

Mwisho, mizania: mali iwe sawa na madeni pamoja na mtaji, kila mwezi. Ukikuta mstari umeitwa "marekebisho", kuna kosa limefunikwa. Faili likiwa na nywila asiyotaka kukupa, usilipe awamu ya mwisho. Mwekezaji atakuuliza wewe, si yeye.

SWALI: Je, cheti cha kuhitimu programu ya maandalizi kinamshawishi mwekezaji?

JIBU: Kidogo sana. Atafanya uhakiki wake: usajili, daftari la wanahisa, hati za kodi, leseni, mikataba ya wateja na ya wafanyakazi. Yanayokwamisha huwa mambo ya kawaida kabisa, kama gari la kampuni kusajiliwa kwa jina la mwenye biashara, au matumizi ya nyumbani kupitia akaunti ya biashara. Baya kuliko yote ni mwanzilishi mwenza aliyeondoka na hisa zake bila karatasi yoyote. Muulize mtoa huduma atayashughulikia vipi na kwa muda gani. Akisema hilo la mwisho atalimaliza kwenye semina, tafuta mwanasheria.