Shangazi wa Bustani: Jua la Machi lisikuharakishe

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tumehamia nyumba yenye uwanja nyuma, hapa Minneapolis. Wiki hii theluji imeyeyuka, jua linawaka, na mume wangu ameshanunua jembe. Sote wawili tunafanya kazi zamu za usiku, kwa hiyo bustani tutaishika Jumamosi tu. Tupande nini kisichotaka kuhudumiwa kila siku?
Mama wa wawili, Minnesota

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto aliweke jembe kwanza. Huko theluji huweza kurudi hata Aprili, na jalidi ya usiku huua miche mpaka katikati ya Mei. Sasa hivi udongo wa juu umelainika lakini chini huenda bado umeganda, maji hayana pa kwenda. Mkiukanyaga mnaushindilia, na mizizi itataabika majira yote. Chukua konzi moja ya udongo, uufinye. Ukibaki donge la utelezi, subirini. Ukimeguka kwa kidole, limeni.

Machi ni mwezi wa kutazama. Jua linapiga wapi kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku? Theluji inakawia wapi kuyeyuka? Hapo panapokawia msipande nyanya.

Na nakusihi, msilime uwanja mzima. Tuta moja linatosha: urefu mita tatu, upana mita moja tu, ili mkono ufike katikati bila mguu kuingia. Sukuma wiki huvumilia baridi, ipandeni mwishoni mwa Aprili. Mchicha, bamia na nyanya visubiri mwisho wa Mei, na nyanya nunueni miche, kwa sababu kiangazi cha huko ni kifupi.

Sehemu iliyobaki pandeni maua ya asili ya mbuga za huko, kama ekinasea na rudbekia. Huchipua tena yenyewe baada ya theluji. Mwaka wa kwanza tu ndio yanahitaji maji kila wiki mvua ikikosekana. Katikati yake tandazeni vibanzi vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 8, visiguse mashina. Magugu yatapungua na unyevu utakaa. Wakata miti mara nyingi hugawa vibanzi bure. Ila vitandazeni udongo ukishapata joto. Mkiwahi mnafungia baridi ndani.

Mkikuta mabua makavu ya mwaka jana, msiyang'oe. Yakateni yabaki sentimita 30 hivi. Nyuki wadogo wa porini hutaga humo.