Kutoka meza ya bajeti hadi ugavana: Kim Dong-yeon wa Korea Kusini

Mleta mada ameuliza iwapo mtumishi wa umma aliyeishi na mafaili tangu ujanani anaweza kuimudu siasa, akaitaja Korea Kusini kuwa nchi ambako hilo ni jambo la kawaida. Nilisoma huko shahada ya uzamili ya sera za umma, nikitokea idara ya mipango ya halmashauri moja hapa Tanzania, na mtu ambaye wenzangu Wakorea walipenda kumtolea mfano ni Kim Dong-yeon, kwa hiyo nitajibu kupitia yeye.

Alizaliwa mwaka 1957 Eumseong, akafiwa na baba akiwa na miaka 11, na familia ikaishi kwenye vibanda vya Cheonggyecheon jijini Seoul kabla ya kuhamishiwa kwenye mahema katika eneo ambalo leo ni Seongnam. Alisoma sekondari ya biashara, akaajiriwa benki akiwa bado kijana mdogo, akawa anasoma chuo usiku, na mwaka 1982 akafaulu mitihani miwili kwa mpigo: wa utumishi wa Bunge na ule wa ngazi ya juu serikalini.

Uzito wa mitihani hiyo niliuona Noryangjin, mtaa wa Seoul uliojaa vituo vya masomo ya ziada, ambako vijana walikuwa wakila wali kwenye kikombe cha karatasi wamesimama kando ya barabara, kijiko mkono mmoja na maswali mkono mwingine. Anayefaulu mtihani wa ngazi ya juu huanzia daraja la 5, wakati aliyeanzia daraja la 9, la chini kabisa, hulifikia baada ya miaka mingi, kama atalifikia.

Kim alipanda kupitia mipango ya uchumi na bajeti, akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan, akaongoza Chuo Kikuu cha Ajou, na mwaka 2017 Rais Moon Jae-in akamteua Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Uchumi na Fedha. Hapo ndipo penye funzo kwa sisi watu wa mipango. Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 16.4 kuanzia 2018, hadi won 7,530 kwa saa, na Kim, ambaye hakupinga lengo lenyewe, akawa anashauri kasi ipunguzwe kwa sababu ya wafanyabiashara wadogo. Mkuu wa sera Ikulu, Jang Ha-sung, aliona tofauti, mvutano ukawa wa hadharani, na mwishoni mwa 2018 wote wawili wakaondolewa. Kwa maoni yangu Kim alikuwa na hoja, lakini mwenye hoja asiye na kundi bungeni wala mtaani hubaki mshauri tu, hata akiitwa waziri.

Nadhani hilo ndilo lililomsukuma kwenye siasa. Mwaka 2021 alianzisha chama chake, akagombea urais, na wiki moja kabla ya uchaguzi wa Machi 2022 akajitoa na kumuunga mkono Lee Jae-myung, aliyeshindwa kwa tofauti ndogo. Chama kidogo cha mtaalamu hakikumfikisha popote. Alipojiunga na chama cha Democratic, chama cha Lee, ndipo akagombea ugavana wa Gyeonggi, mkoa wa watu zaidi ya milioni 13 unaoizunguka Seoul, ambamo Seongnam imo. Usiku wa kuhesabu kura alikuwa nyuma karibu muda wote, akampita mpinzani wake alfajiri, na akashinda kwa kura 8,913, huku chama chake kikishindwa katika nafasi 12 kati ya 17 za magavana na mameya wa majiji makuu.

Aprili 2025 alijaribu tena urais kupitia kura za mchujo za chama hicho. Lee alipata asilimia 89.77. Kim, aliyeshika nafasi ya pili, alipata 6.87, akarudi kwenye ofisi yake ya gavana.