Saa za Ulaya zikirudi nyuma, taa za maua yako Arusha zibaki palepale

Ikifika mwisho wa Oktoba naanza kuulizwa swali lilelile: mtu amesoma mtandaoni kwamba saa zinabadilika, je, arekebishe taa za maua yake ya ndani? Kwa aliye Arusha au Moshi jibu ni hapana. Saa yetu haisogei mwaka mzima. Zinazosogea ni za wenzetu wa Ulaya: hurudi nyuma saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kisha hupelekwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Ndiyo maana tofauti yetu na Uholanzi ni saa 1 wakati wao wa kiangazi na saa 2 wakati wa baridi.

Shida ni kwamba vifaa tunavyotumia kuwasha na kuzima taa mara nyingi vinafuata mambo ya huko. Mama mmoja wa Shanty Town, Moshi, alinipigia mwezi Novemba akilalamika kwamba poinsetia zake za Krismasi zimesimama: majani ya juu yalikuwa yameanza wekundu, sasa hayaendelei. Chumba chake kina dirisha, na hufungua pazia zito saa 12 na nusu asubuhi. Taa husaidia mchana, na soketi ya intaneti aliyoletewa na mwanawe anayeishi Uholanzi huizima saa 12 na nusu jioni. Nikamwomba, “Mama, hebu fungua programu yake uniambie imeandikwa mji gani.” Ilikuwa Amsterdam. Tangu Ulaya irudishe saa, taa ilikuwa inazima saa 1 na nusu usiku, na poinsetia zimepoteza saa nzima ya giza kila siku. Tulibadilisha mji, basi. Kwenye orodha usipoiona Dar es Salaam chagua Nairobi, saa ni ileile. Fanya hivyo leo, usingoje Oktoba.

Saa moja ina uzito huo kwa sababu poinsetia, krisanthemamu na kalankoe ni mimea ya siku fupi, yaani huchanua usiku ukiwa mrefu. Garner na Allard wa Marekani waliandika mwaka 1920, wakitumia tumbaku na soya, kwamba urefu wa siku ndio unaoamua lini mmea uchanue. Mwaka 1938 Hamner na Bonner wakaonyesha kwamba kinachopimwa hasa ni giza: usiku mrefu ukikatwa katikati na mwanga wa muda mfupi tu, mmea hauchanui. Ndani ya jani kuna kemikali iitwayo fitokromu inayohisi mwanga mwekundu, na yenyewe haijui saa yako ya ukutani inasema nini. Kwa hiyo mwenye kuchanulisha maua ana kazi moja, kulinda giza. Mimi sikubali lipungue saa 12 mfululizo, na nikiweza naliacha lifike 13 au 14.

Ikiwa ni lazima usogeze ratiba, labda umebadilisha zamu ya kazi au una ndugu Ulaya ambaye saa zake zimebadilika kweli, saa inayosogezwa itoke kwenye mwanga, isitoke kwenye giza. Tuseme taa zinawaka saa 1 asubuhi na kuzima saa 1 jioni. Unataka ziwe saa 2 hadi saa 2? Asubuhi hiyo acha giza liendelee hadi saa 2, usiku mmoja utakuwa wa saa 13 na mmea hautalalamika. Unataka ziwe saa 12 hadi saa 12? Zima leo saa 12 jioni, ndipo kesho uwashe saa 12 asubuhi. Mchana mmoja umekuwa wa saa 11, usiku umebaki 12. Usianze kwa kuwasha mapema kabla usiku haujatimia. Na kwa ndugu wa Ulaya ambaye chumba chake kimefungwa kabisa, ushauri wangu ni asiguse kitu. Taa ziendelee na saa ya zamani hadi maua yafunguke.

Hapa kwetu saa inayobadilika kweli ni ile ya taima ya duara, yenye vipini vya dakika 15. Umeme ukikatika na yenyewe inasimama. Ukikatika mchana kwa muda wa saa tatu, taa iliyopaswa kuzima saa 1 jioni itazima saa 4 usiku. Chumba kisicho na dirisha hakidhuriki sana, kwani usiku wake unasogea tu, bado ni wa saa 12. Lakini chenye dirisha kitapokea alfajiri saa 12 asubuhi kama kawaida, na maua yamebakiwa na saa 8 za giza. Hali hiyo ikidumu wiki nzima kabla matumba hayajaanza kuonyesha rangi, usitegemee kuuza tarehe uliyopanga.

Kwa mimea mama ya krisanthemamu mambo yanageuka. Usiku wetu wa karibu saa 12 unatosha kuichanulisha mwezi wowote, kwa hiyo mwenye kutaka vipandikizi tu huiwashia taa katikati ya usiku, kwa kawaida saa 4 hadi saa 8. Umeme ukikatika mara kadhaa bila taima kurekebishwa, ucheleweshaji unajumlishana hadi taa zinawaka asubuhi jua likiwa limeshatoka, na usiku mzima unapita bila kukatwa. Mimea mama inaanza kutoa matumba, na vipandikizi vyake havifai tena.

Nunua taima ya dijitali yenye betri ndani. Hiyo nayo iangalie: nyingi zina kitufe cha saa za kiangazi, na alama ya +1h ikitokea kwenye kioo, kuna aliyekibonyeza wakati wa kufuta vumbi. Mwambie pia kijana wa kazi kwa saa za taima yenyewe, yaani 22:00. Ukimwambia “saa nne” ataweka 4:00.

Wenye madirisha wakumbuke na jua. Hapa Arusha urefu wa mchana haubadiliki hata nusu saa mwaka mzima, lakini saa ya kuchomoza inahama. Mwanzoni mwa Novemba jua linatoka kama saa 12 na dakika 10 na kuzama saa 12 na dakika 25 hivi. Katikati ya Februari linatoka karibu saa 12 na dakika 40 na kuzama saa 1 kasoro dakika 5. Ratiba ya taa na pazia iliyokufaa kwa poinsetia za Krismasi ipitie upya kabla ya kuanza chungu kingine Januari. Ukihitaji kuingia chumbani usiku kukagua, tumia tochi ya kijani hafifu, kwa muda mfupi, usiielekeze kwenye majani.