Iandae stori inayofuata kabla haijafika mezani kwako

Ukijiunga na timu ya ajaili, yaani inayojenga programu kwa vipande vidogo vidogo, utajua haraka namna ya kuchukua kadi ubaoni, kuandika msimbo, kumwomba mwenzako aukague, kisha kuisogeza kadi upande wa kazi zilizokamilika. Kazi ambayo ni nadra mtu kukukalisha chini akakufundisha ni ile inayofanyika kabla kadi haijawa tayari kuchukuliwa. Nayo ndiyo inayoamua kama wiki yako utaitumia kuandika programu au kuwakimbiza watu ukiwauliza walikuwa wanamaanisha nini.

Kwa hiyo ninawashauri wanaoanza wajenge tabia moja mapema. Stori ni maelezo mafupi ya jambo ambalo mtumiaji anataka programu imfanyie, na ndiyo inayoandikwa kwenye kadi. Stori uliyonayo ikikaribia kwisha, fungua ile inayofuata uisome ukijiuliza: nikiikabidhi kazi hii, mtu anaweza kuikataa kwa sababu gani? Ukikosa cha kujibu, stori hiyo bado ni mbichi, hata kama imeandikwa kurasa mbili.

Urefu wa maandishi huwadanganya wengi. Stori za watumiaji zilitoka kwenye Extreme Programming, mtindo wa kazi ambao Kent Beck na wenzake waliujenga miaka ya 1990, na wakati huo kadi ilikuwa kadi kweli: kipande cha karatasi kisichotosha maelezo yote. Mwaka 2001 Ron Jeffries alizieleza sehemu tatu za stori kuwa ni kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi inakumbusha kwamba kuna jambo la kuzungumza, mazungumzo yanalifafanua, na uthibitisho unaonyesha tutajuaje kwamba limekamilika. Leo kadi zetu zimo ndani ya mifumo ya tiketi ambayo nafasi yake haijai. Mtu anamimina kila alichonacho, anabofya kuhifadhi, na anaamini kwamba mazungumzo yameshafanyika. Binafsi naona hapo ndipo kutoelewana kwingi kunapoanzia.

Tuchukue stori moja ya duka la mtandaoni tuione kwa karibu: “Kama mteja, nataka kughairi oda yangu, ili nisilipie kitu nisichokihitaji tena.” Muundo huu wa “kama, nataka, ili” ulianza kutumiwa mwaka 2001 na timu ya kampuni ya Connextra mjini London, na umeenea mno hata watu wanaujaza bila kufikiri. Sehemu ya kuing’ang’ania ni ile ya “ili”. Yeye anayelipa ndiye anayeumia hapa, kwa hiyo malipo ndiyo kiini cha stori. Ingekuwa “ili nibadilishe anwani niagize upya”, ungemuuliza mmiliki wa bidhaa, yaani mtu anayeamua bidhaa ifanye nini, kama mteja anahitaji kughairi kweli au anahitaji tu kurekebisha anwani. Stori iliyoachwa bila “ili” irudishe kwa heshima, uulize.

Sasa kaeni watu watatu: mmiliki wa bidhaa, msanidi (anayeandika programu) na mjaribu (anayeipima). Nusu saa huwa inatosha. Usiombe maelezo zaidi, omba mifano. “Samahani, naomba unipe mfano wa mteja anayetaka kughairi. Ameagiza nini, na oda yake imefikia wapi?” Mifano inatoa majibu ambayo maelezo ya jumla huyaficha.

Mteja ameagiza vitabu vitatu, hajalipa. Oda inafutwa, vitabu vinarudi kwenye hesabu ya ghala. Wote mnakubaliana. Mteja wa pili amelipa na mzigo bado haujatoka. Pesa zinarudi lini, kwa njia ile ile aliyolipia, na nani anaidhinisha? Mmiliki wa bidhaa anasema itabidi awaulize wahasibu. Mteja wa tatu mzigo wake uko njiani. Hapo mnagundua kwamba huko si kughairi tena, ni kurudisha bidhaa, na hiyo ni stori nyingine kabisa. Wa nne anataka kuacha kitabu kimoja tu kati ya vitatu, na alikuwa amepewa punguzo kwa sababu amechukua vitatu.

Kisha mjaribu anauliza: mteja akibofya “Ghairi” wakati ule ule ambao mtu wa ghala anabofya “Imetumwa”, nani anashinda? Swali kama hili lisipoulizwa leo litaulizwa na mteja mwenye hasira mfumo ukiwa unatumika. Likiulizwa leo linajibika kwa utulivu: seva iikague tena hali ya oda ndani ya muamala ule ule wa kanzidata (hatua zinazokamilika zote pamoja au zisifanyike kabisa) unaoibadilisha, aliyetangulia ashinde, wa pili aonyeshwe ujumbe unaoeleweka. Jibu hilo linabadilisha msimbo utakaouandika, na pia linabadilisha ukubwa wa kazi.

Matt Wynne alieleza mwaka 2015 njia ya kuyapanga mazungumzo haya kwa kadi za rangi: njano ni stori, buluu ni kanuni, kijani ni mifano, nyekundu ni maswali yasiyo na jibu. Naipenda kwa sababu meza yenyewe inasema. Nyekundu zikiwa nyingi, stori haijawa tayari. Buluu zikiwa nyingi, stori ni kubwa mno, na hii ya kughairi oda bila shaka ni kubwa mno.

Kuigawa ndiko kunakowashinda wengi. Msanidi mgeni huigawa kwa tabaka, kwanza jedwali la kanzidata, halafu seva, halafu kiolesura, yaani sehemu anayoiona mteja. Ukifanya hivyo, tabaka la kwanza na la pili yakikamilika mteja bado hawezi kughairi chochote, na mmiliki wa bidhaa hana kitu cha kuangalia akasema “hapa sivyo”. Gawa kwa hali anazokutana nazo mteja. Kipande cha kwanza ni oda isiyolipiwa. Ni chembamba, lakini kinapita kote, kuanzia kitufe hadi kanzidata na kurudi, na kinaweza kutolewa peke yake kikamsaidia mtu. Oda iliyolipiwa inasubiri wahasibu. Kughairi sehemu ya oda kunaweza kusubiri zaidi, na pengine kusihitajike kabisa. Bill Wake alipoorodhesha mwaka 2003 sifa sita za stori nzuri, zinazojulikana kwa kifupi cha INVEST, thamani kwa mtumiaji na udogo vyote vilikuwemo. Kugawa kwa tabaka kunakupa udogo kwa kupoteza thamani.

Kipande hicho kiandikieni uthibitisho. Mtindo unaotumika sana ni ule wa Dan North wa kutaja hali iliyopo, tendo na matokeo: “Ikiwa oda ina vitabu vitatu na haijalipiwa, mteja anapobofya Ghairi, basi hali ya oda inakuwa ‘imeghairiwa’, vitabu vitatu vinaongezwa kwenye hesabu ya ghala, na mteja anapokea barua pepe moja.” Tazama neno “moja” pale mwisho. Mjaribu ameliweka makusudi, maana mteja mwenye intaneti ya polepole atabofya kitufe mara mbili. Uthibitisho mzuri una vitu vinavyohesabika namna hiyo. Ukiandikwa “mfumo ushughulikie kughairi ipasavyo”, hakuna kitu cha kupima.

Kuna upande wa maandalizi ulio wako peke yako kama msanidi: fungua msimbo kabla ya kikao cha kupanga. Tafuta ni wapi kwingine hali ya oda inasomwa. Mara nyingi utakuta ripoti ya mauzo, programu ya ghala na kazi ya usiku inayotuma vikumbusho vya malipo. Hiyo ya mwisho hakuna aliyeitaja kwenye mazungumzo, na ukiisahau, mteja aliyeghairi ataendelea kukumbushwa alipe. Endesha majaribio yaliyopo uone kama yanapita. Angalia kama una ruhusa ya kuingia kila mahali utakapohitaji, kwa sababu kuomba ruhusa kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuandika msimbo wenyewe. Kama kuna jambo la kiufundi usilolielewa, omba uchunguzi mfupi wenye muda maalumu, tuseme nusu siku, ambao matunda yake ni jibu. Msimbo wake unautupa.

Makadirio ya ukubwa wa kazi yasikusumbue sana. Kama timu yenu hutumia kadi za namba, mchezo ambao James Grenning aliueleza mwaka 2002, onyesha namba yako mwenyewe bila kuchungulia za wakubwa. Wewe ukitoa 8 na mwenzako mzoefu akatoa 2, mmoja wenu anajua kitu ambacho mwingine hakijui, na ndicho mnachotafuta.

Usiandae stori nyingi mno. Mbili tatu za mbele zinatosha. Zile za mbali zitabadilika au kufutwa kabla hazijafikiwa, na muda ulioutumia hautarudi. Mwongozo wa Scrum, mojawapo ya mifumo ya kazi ya ajaili, wa mwaka 2017 ulisema kazi hii kwa kawaida haizidi asilimia 10 ya uwezo wa timu ya wasanidi. Toleo la 2020 liliiondoa namba hiyo, lakini mimi bado naiona ni kipimo cha busara. Baadhi ya timu zina orodha ya masharti ambayo stori lazima iyatimize ndipo ipokelewe. Itumieni kukumbushana tu. Ikigeuka kuwa geti, wasanidi wanakaa upande mmoja wakisubiri kupelekewa makaratasi, na mazungumzo yanakufa.

Wewe mgeni una nafasi ambayo wazoefu wameipoteza: hujui mambo ambayo wao wanayachukulia kuwa yanajulikana. Uliza ukiwa mpya. Ukijibiwa, andika jibu kwenye kadi siku hiyo hiyo, kwa sentensi moja, maana kumbukumbu za watu watatu zitatofautiana kabla ya wiki kwisha.

Na jibu la wahasibu likichelewa, usisubiri siku ya kupanga sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi cha timu, ndipo useme. Mwambie mmiliki wa bidhaa mapema ili apate muda wa kupandisha stori nyingine. Kipande cha oda isiyolipiwa kiingie kwenye sprinti. Cha oda iliyolipiwa kibaki kwenye orodha, swali lake likiwa limeandikwa juu kabisa pamoja na jina la anayelifuatilia.