Baba alirudisha spageti jikoni

SWALI: Shikamoo Mama. Naishi Soweto, Moshi. Mwezi uliopita baba alitimiza miaka 70, nikampeleka yeye na mama kwenye mgahawa mdogo wa Kiitalia hapa mjini. Mume anachoma piza, mke yuko kwenye masufuria, binti yao ndiye mhudumu. Nikamwagizia baba spageti za nyanya. Kuonja tu, akasema kwa sauti, “Hizi hazijaiva, mrudishieni mpishi amalizie.” Mama mwenye mgahawa akatoka mwenyewe na aproni yake, akachukua sahani bila neno. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa baba anauliza tutarudi lini! Nimpeleke, au nikamalizane naye kwenye nyama choma?
Binti wa Kibosho

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpeleke, tena upesi. Mzee anayeuliza mtarudi lini hajachukia.

Spageti zile ziliiva, ila kwa kipimo cha kwao. Nilipika miaka sita kwa mama mmoja wa Kiitalia huko Arusha, na ugomvi wetu ulikuwa huo huo: pakiti imeandikwa dakika 10, yeye anataka nizitoe ya 8. Zinamalizikia kwenye kikaango cha mchuzi pamoja na upawa wa maji zilimochemkia, maana wanga wa maji yale ndio unaoufanya mchuzi ushike. Zikifika mezani, jino lazima ling'ate kweli. Wao husema al dente, yaani kwenye jino. Sisi tuliokulia tambi za sukari na iliki, laini hata kibogoyo anakula, tunaona tumepunjwa moto.

Kwa hiyo baba yako hakumtukana mtu. Mgahawa wa familia raha yake ni kwamba aliyepika yuko hatua chache tu kutoka mezani. Mwambie binti wakati wa kuagiza, “za mzee ziive zaidi.” Mama yake atanuna, lakini atapika. (Wangu alinuna hadi jioni.)

Kosa naliona kwako. Mzee wa miaka 70 unamchagulia chakula bila hata kumweleza kinakujaje! Ungeulizia polenta. Ni ugali, mwanangu, mara nyingi wa mahindi ya njano, laini kuliko wetu, unakorogwa kwa mwiko hata dakika 45. Kaskazini mwa Italia wameula vizazi na vizazi, hadi wenzao wa kusini wakawabandika jina la polentoni, yaani walaji wa polenta. Ukiletwa na mchuzi wa nyama iliyopikwa polepole, mzee atatafuta maji ya kunawa kabla ya uma. Mwache. Ila si kila siku wanaupika, kwa hiyo piga simu siku moja kabla.

Mama yako mpe gnocchi, tamka nyoki, vidonge vya viazi na unga; hivyo havina ubishi wa kuiva. Kama hamli nguruwe, carbonara iacheni: asili yake ni nyama ya shavu la nguruwe, mayai na jibini.

Halafu kuna kahawa. Mzee wa Kibosho, sitashangaa akiwa na mibuni kihambani. Wataleta espresso, mafunda mawili chini ya kikombe kidogo. Mweleze kabla haijafika kwamba ndivyo inavyokuja, la sivyo na hiyo itarudishwa jikoni ikajazwe.